Kanali Akivua Gwanda: Kwa Nini Upinzani wa Uganda Huanzia Jeshini

Novemba 2024 Dkt. Kizza Besigye alitoweka Nairobi, alikokuwa amekwenda kuhudhuria uzinduzi wa kitabu cha mwanasiasa wa Kenya, Martha Karua. Siku nne baadaye akaonekana kizimbani katika mahakama ya kijeshi ya Makindye, Kampala. Tangu siku hiyo maswali yaleyale yamekuwa yakirudi vijiweni na mitandaoni, kuanzia Mombasa hadi Mwanza. Huyu mtu ni daktari, kanali au mwanasiasa? Kama alishastaafu, mahakama ya kijeshi inamtakia nini? Kama aliwahi kuwa daktari binafsi wa Rais Museveni, waligombana nini? Na kwa nini wapinzani wa Uganda hutangaza kuungana kila uchaguzi unapokaribia, kisha siku ya kura ukikunjua karatasi unakuta kila mmoja na picha yake?

Majibu mengi yanayotolewa ni ya mkato: uchu wa madaraka, usaliti, njaa. Hayatoshi, na yanawadhulumu watu waliolipa gharama kubwa kwa misimamo yao. Ili kuelewa, inabidi tuanze na jambo moja ambalo sisi wa Tanzania na Kenya hulipita haraka kwa sababu kwetu halikuwa hivyo. Nchini Uganda ya leo, jeshi lilizaliwa kwanza na chama kikafuata.

Tuweke majina sawa kabla ya kwenda mbali. NRA lilikuwa jeshi la msituni la Yoweri Museveni, lililoanza vita Februari 6, 1981 kwa kuvamia kambi ya Kabamba. NRM ndiyo sura ya kisiasa ya vita hivyo, na ndiyo chama tawala hadi leo. UPDF ni jina jipya la jeshi lilelile baada ya Katiba ya mwaka 1995. Kwa hiyo ukisikia mzee wa Kampala anasema fulani ni "wa msituni", hasemi tu kwamba alipigana. Anamaanisha fulani ni miongoni mwa watu walioingia Kampala Januari 1986 na kuanza kuiendesha nchi, wakiwa na bunduki mkono mmoja na mafaili ya wizara mkono mwingine.

Besigye alikuwa mmoja wao. Alizaliwa Rukungiri mwaka 1956, akasomea udaktari Makerere, akaingia msituni mwaka 1982. Hapa kuna dhana ya kwanza ya kusahihisha, kwamba alikuwa "daktari tu", mtu wa sindano na vidonge aliyekuja kujipachika kwenye siasa baadaye. Baada ya ushindi alikuwa waziri mdogo wa mambo ya ndani, kisha komisaa wa siasa wa taifa, yaani mtu aliyepewa kazi ya kueneza na kutetea itikadi ya NRM nchi nzima. Miaka ya 1990 aliongoza kikosi cha vifaru na magari ya deraya kule Masaka, akawa mkuu wa ugavi na uhandisi jeshini, na alikuwa mmoja wa wajumbe wa jeshi katika bunge lililoandika Katiba ya 1995. Mtu wa namna hii hajaingia siasa siku aliyotangaza kugombea. Alikuwa ndani ya siasa muda wote, akiwa amevaa gwanda.

Kisha kuna mfumo wenyewe. Kuanzia 1986 hadi 2005 vyama vingine havikufutwa kwa jina, lakini havikuruhusiwa kusimamisha wagombea wala kufanya kampeni. Nadharia ilikuwa kwamba Waganda wote ni wa NRM, na kila mtu anagombea kwa sifa zake binafsi. Nadharia hiyo ilikuwa na mantiki kwa nchi iliyotoka kuchinjana kwa misingi ya chama, dini na kabila, na wengi waliiamini kwa dhati, Besigye akiwemo. Tatizo ni kwamba ukikosana na viongozi wenzako, huna pa kwenda. Hakuna chama kingine cha kuhamia kihalali. Kukosoa ni kutoka nje ya mfumo wote, na kwa mwanajeshi ni pia kutoka nje ya jeshi. Vitu vitatu ambavyo kwetu ni tofauti (kazi, chama na urafiki wa kale) kwao vilikuwa kifurushi kimoja.

Novemba 1999 Besigye, akiwa bado kanali kazini, alisambaza waraka akisema NRM imepoteza ule msingi mpana iliojengwa juu yake, na kwamba imekuwa chombo cha wachache. Hoja haikuwa mpya. Ilinong'onwa kwenye mabwalo ya maofisa kwa miaka. Kilichoshtua ni kwamba imeandikwa, na mwandishi ameweka jina lake. Palizungumzwa kumshtaki mbele ya mahakama ya kijeshi kwa kutumia njia isiyo sahihi kutoa maoni. Haikufika huko. Mwaka 2000 aliondoka jeshini, na Oktoba ya mwaka huo akatangaza kumkabili Museveni kwenye kura ya 2001.

Je, mwanajeshi hawezi kuacha kazi tu?

Hili ndilo fundo linalowachanganya wengi, na lina kesi yake. Mwaka 1996 Meja Jenerali David Tinyefuza, ambaye sasa anaitwa David Sejusa, aliitwa mbele ya kamati ya bunge kuzungumzia vita vya kaskazini dhidi ya waasi wa LRA. Alisema mambo ambayo wakubwa hawakuyapenda. Baadaye akaandika barua ya kujiuzulu jeshini. Mahakama ya Katiba ilimpa haki mwaka 1997. Mwanzoni mwa 1998 Mahakama ya Juu ikabatilisha uamuzi huo: kuandika barua si kuacha jeshi. Ofisa hutoka kwa utaratibu uliowekwa, na mpaka akubaliwe kutoka, yeye bado ni ofisa na sheria ya jeshi inamhusu.

Sheria ya namna hiyo ipo karibu kila nchi, na kwa jeshi ina sababu zake. Haifai kamanda aamke asubuhi aache kikosi vitani. Lakini iweke ndani ya Uganda, ambako anayekubali au kukataa maombi yako yuko upande uleule unaotaka kuupinga. Hapo kustaafu kunageuka kuwa kibali cha kisiasa. Anayepewa anaweza kugombea. Anayenyimwa akifungua mdomo anakuwa ofisa aliyevunja nidhamu.

Wapo waliokwama katikati kwa miaka. Brigedia Henry Tumukunde alikuwa mmoja wa wabunge 10 wanaowakilisha jeshi. Mwaka 2005, wakati bunge lilipotakiwa kuondoa ukomo wa mihula ya urais, alipinga hadharani, akalazimishwa kuacha kiti chake na akaburuzwa mahakama ya kijeshi katika kesi iliyochukua miaka kuisha. Mwenzake, Kanali Fred Bogere, alijizuia kupiga kura ya kuondoa ukomo huo, na hilo pia likawa kosa. Kwa hiyo ile dhana kwamba wabunge wa jeshi wamo bungeni kama wasikilizaji wasio na upande haisimami. Kikatiba jeshi halitakiwi kuwa na chama. Kivitendo, mwaka ule, hata kutonyoosha mkono kulihesabiwa kuwa uasi.

Hadithi ya Tumukunde haikuishia hapo, na ndiyo inayowavuruga watu kabisa. Mwaka 2015 alipandishwa hadi luteni jenerali na kuruhusiwa kustaafu. Mwaka 2016 akawa waziri wa usalama. Mwaka 2018 akaondolewa. Mwaka 2020 akakamatwa na kushtakiwa kwa uhaini baada ya kutangaza nia ya urais, na mwaka 2021 akawa kwenye karatasi ya kura kama mgombea binafsi. Ukitumia kipimo cha chama na itikadi, huwezi kumweka popote. Ukitumia kipimo cha familia ya waliotoka msituni, anaeleweka: alitoka, akaitwa kurudi, akatoka tena.

Tanzania ilipita njia nyingine, na inafaa kutajwa kwa sababu wasomaji wengi hulinganisha. Enzi za chama kimoja wanajeshi wa JWTZ walikuwa wanachama wa CCM na siasa ilifundishwa kambini. Vyama vingi vilipoanza mwaka 1992, ilibidi mtu achague. Jakaya Kikwete, aliyekuwa luteni kanali, alichagua siasa na kustaafu jeshi. Kanali Abdulrahman Kinana naye aliishia kuwa mmoja wa viongozi wa juu wa chama. Hawa walivua gwanda wakaingia chama tawala, ambacho kilikuwepo kabla ya wao na kingekuwepo bila wao, kikiwa na mizizi ya TANU na ASP iliyojengwa na walimu, makarani na wakulima. Hakuna aliyeona kwamba kwa kustaafu wameondoka na kipande cha dola.

Kwa nini miungano haidumu

Mwaka 2001 Besigye alipata karibu asilimia 28 ya kura dhidi ya asilimia 69 za Museveni. Alikwenda Mahakama ya Juu. Majaji watatu dhidi ya wawili wakaacha matokeo yasimame. Akakimbilia nje, akaishi Marekani na Afrika Kusini. Akiwa huko, mwaka 2004, makundi matatu ya upinzani yaliungana kuunda chama cha FDC. Mwaka 2005 Waganda walipiga kura ya maoni kurejesha vyama vingi. Oktoba akarudi, Novemba akakamatwa. Uchaguzi wa 2006 alipata asilimia 37, na safari hii Mahakama ya Juu iligawanyika wanne kwa watatu. Majaji walikubali kwamba kulikuwa na ukiukwaji wa sheria. Waliotofautiana walitofautiana kuhusu kama ukiukwaji huo ulibadilisha mshindi. Alishindwa tena 2011 na 2016.

Katika miaka hiyo miungano ilikuja na kuondoka. Kabla ya 2011 kulikuwa na ushirikiano wa vyama uliomsimamisha Besigye. UPC ya Olara Otunnu ikajitoa, na DP ya Norbert Mao haikuingia kabisa. Kabla ya 2016 ukaja muungano wa TDA, ambao ulitakiwa kuchagua mtu mmoja kati ya Besigye na Amama Mbabazi, aliyekuwa waziri mkuu na katibu mkuu wa NRM hadi Museveni alipomwondoa. Haukuweza. Wote wawili wakagombea. Mbabazi akaambulia takriban asilimia 1.4.

Watu husema ni uroho, na uroho haukosekani popote penye siasa. Lakini fikiria ndugu waliofyeka msitu pamoja wakapata shamba. Mmoja akashika hati. Mwaka wa kumi na tano ndugu wa kwanza anafukuzwa, na wale waliobaki wanashika mapanga kuhakikisha harudi mpakani. Mwaka wa thelathini mmoja wa wale wenye mapanga naye anafukuzwa, anakuja kwa ndugu wa kwanza na kusema, "Sasa tuungane, na mimi niwe kiongozi kwa sababu ndiye ninayejua shamba lilivyo leo." Ndugu wa kwanza atajibu nini? Hilo ndilo lililokuwa mezani mwaka 2015. Mbabazi alikuwa sehemu ya serikali iliyomkamata Besigye mara zisizohesabika. Wafuasi wa FDC waliopigwa mabomu ya machozi wakati wa maandamano ya kutembea kwenda kazini mwaka 2011 hawakuwa tayari kumnadi.

Tarehe ya kutoka, basi, ni jambo zito kuliko sera. Aliyetoka 2000 anajiona amelipa zaidi ya aliyetoka 2015. Aliyetoka baadaye anaamini yeye ndiye bado ana watu ndani ya mfumo. Kila mmoja ana hoja, na hakuna karatasi ya makubaliano inayoweza kuifuta.

Kuna pia sababu kavu za kisheria ambazo hazitajwi sana. Rais wa Uganda lazima apate zaidi ya nusu ya kura, la sivyo duru ya pili inafanyika. Kwa hiyo chama kidogo kina kisingizio kizuri: tugombee wote duru ya kwanza tumzuie asifike nusu, tutaungana ya pili. Duru ya pili haijawahi kutokea. Na ruzuku ya serikali kwa vyama hugawanywa kulingana na idadi ya wabunge. Chama kinachomwachia mwenzake majimbo kwa ajili ya umoja kinapunguza wabunge wake, na fedha za kuendesha ofisi zinapungua pamoja nao. Umoja una bei, na bei hiyo hulipwa na makao makuu ya chama kila mwaka.

Wengine hubadilisha upande moja kwa moja. Beti Kamya alikuwa mbunge wa FDC, akaanzisha chama chake, na 2016 akawa waziri wa masuala ya Kampala katika serikali ya Museveni. Norbert Mao alisaini makubaliano ya ushirikiano na NRM mwaka 2022 akawa waziri wa sheria. Hawa si wanajeshi, lakini wanaonyesha kwamba mlango kati ya pande mbili hauko wazi kwa waliotoka jeshini peke yao.

Maofisa wawili, somo moja, majibu mawili

Sehemu ya hadithi hii ninayoiona nzito kuliko zote inamhusu Meja Jenerali Mugisha Muntu. Huyu alikuwa mkuu wa jeshi kuanzia 1989 hadi 1998, akatoka bila doa la wizi katika miaka ambayo madoa hayo yalikuwa mengi. Alikaa Arusha kama mbunge wa Bunge la Afrika Mashariki na akawa miongoni mwa nguzo za FDC. Mwaka 2012 Besigye alipoachia urais wa chama, Muntu alimshinda Nathan Nandala Mafabi.

Besigye na Muntu walitoka msitu mmoja na kuujua mfumo uleule kwa ndani, ila wakaondoka na mafunzo tofauti. Besigye, baada ya kushindwa mara kwa mara katika chaguzi alizoziona si huru, alifikia hitimisho kwamba sanduku la kura peke yake halitamwondoa mtu aliyeingia kwa bunduki. Wananchi wanatakiwa kukataa kutii kwa amani, mitaani na sokoni. Muntu alishikilia kwamba bila matawi vijijini, mawakala waliofunzwa na nidhamu ya chama, ukaidi ni kelele. Mivutano hii iliitwa ya watu wawili, lakini ilikuwa ya mawazo, na wanachama wa kawaida waligawanyika kwa dhati. Mwaka 2017 Patrick Amuriat, aliyekuwa upande wa ukaidi, alimng'oa Muntu. Mwaka uliofuata Muntu akaondoka, na kisha akaanzisha chama cha ANT.

Kufikia hapo kizazi kipya kilikuwa kimefika. Robert Kyagulanyi, yaani Bobi Wine, alizaliwa 1982, mwaka uleule Besigye alioingia msituni. Hana tarehe ya kutoka kwa sababu hakuwahi kuwa ndani. Juni 2020 yeye na Besigye walitangaza kushirikiana. Besigye hakugombea 2021, na Kyagulanyi akapata asilimia 35 huku Muntu na Tumukunde wakiwa kila mmoja chini ya asilimia moja. Wapiga kura vijana walionekana kusema kwamba vyeo vya msituni havina uzito kwao. Hata hivyo Besigye alipoanzisha jukwaa jingine la umoja Oktoba 2021, chama cha Kyagulanyi cha NUP kilikataa kujiunga. FDC yenyewe ikapasuka 2023 kwa mgogoro kuhusu chanzo cha fedha za kampeni, kundi moja likibaki makao makuu ya Najjanankumbi, jingine likihamia ofisi za Besigye barabara ya Katonga. Kundi la Katonga ndilo lililozaa chama cha PFF.

Sasa turudi mahakamani

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba mwanajeshi hata akistaafu hubaki mwanajeshi, hivyo mahakama ya kijeshi ilikuwa na haki ya kumshughulikia Besigye. Si sahihi. Aliondoka jeshini mwaka 2000. Alikuwa raia kama muuza ndizi yeyote. Serikali ilijenga kesi yake juu ya kitu kingine: madai kwamba alikutwa na bastola Nairobi na kwamba alitafuta msaada wa kijeshi nje, madai aliyoyakana. Sheria ya UPDF wakati huo iliruhusu raia aliyehusishwa na silaha za jeshi kupelekwa mbele ya mahakama hizo. Raia wa kawaida wengi, wasio na jina, walikuwa wamepitia humo bila dunia kujua.

Januari 31, 2025, Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi katika kesi ya Michael Kabaziguruka, mbunge wa zamani wa FDC aliyekamatwa 2016: mahakama za kijeshi hazina mamlaka ya kuhukumu raia, na kesi zao zihamishwe mahakama za kiraia. Besigye hakuhamishwa hadi aliposusia chakula na hali yake kudhoofika. Februari alifikishwa mahakama ya kiraia kwa kosa la uhaini. Mei bunge likapitisha marekebisho ya sheria ya jeshi yanayorudisha uwezo wa kuhukumu raia katika mazingira fulani, na Juni Rais akatia saini.

Wakati hayo yakiendelea, mkuu wa majeshi tangu Machi 2024 ni Jenerali Muhoozi Kainerugaba, mtoto wa Rais, ambaye pia ndiye kinara wa PLU, jumuiya inayojieleza kuwa ya kiraia na isiyo ya chama. Mwaka 2023 alisema angegombea urais 2026, kisha Septemba 2024 akatangaza kumuunga mkono baba yake. Akina Besigye na Muntu walitakiwa wavue gwanda kwanza ndipo waseme. Jenerali huyu amejenga kundi lake akiwa nalo mwilini, na hilo ndilo linalowaudhi maofisa wastaafu wengi zaidi ya kushindwa kwao kwenye kura.

Uchaguzi wa Januari 15, 2026 ulifika Besigye akiwa mahabusu. Kwenye karatasi, pamoja na Museveni na Kyagulanyi, walikuwepo Muntu kwa tiketi ya ANT na Nandala Mafabi kwa tiketi ya FDC: wanaume wawili waliogombania kiti kimoja mwaka 2012, sasa kila mmoja akiwa na chama.